Jezi Iliyobaki KWI

Jezi yangu ya kwanza yenye jina la mchezaji iliishia kuwa dekio. Niliinunua Kariakoo mwaka 2012, wiki moja kabla ya mechi ya watani, Simba na Yanga, feki kama zilivyokuwa karibu zote enzi zile, na fundi wa pale barazani akanibandikia jina mgongoni kwa pasi: OKWI. Alikuwa anachaji kwa herufi. Nilijipongeza kimoyomoyo kwa kumpenda mchezaji mwenye jina fupi, maana kijana aliyekuwa nyuma yangu alitaka MAFISANGO, na alikuwa anahesabu upya noti zake.

Tarehe 6 Mei 2012 hela zetu zilirudi, zangu na za yule kijana. Simba 5, Yanga 0. Okwi alifunga dakika za mwanzo kabisa, watu wengine bado wanatafuta pa kukaa, na kipindi cha pili akaongeza lingine. Matatu yaliyobaki yalikuwa penalti: Mafisango, Felix Sunzu, na kipa wetu Juma Kaseja, ambaye ilibidi avuke uwanja mzima kwenda kuipiga yake huku watani wameshaanza kutoka majukwaani. Ile safari ya Kaseja, kutoka goli hadi goli, taratibu kama mtu anayekwenda kudai kodi ya nyumba, naikumbuka kuliko mabao yenyewe. Jumatatu nilikwenda kazini bila sauti.

Siku 11 baadaye, alfajiri ya Mei 17, Patrick Mafisango alifariki kwa ajali ya gari hapa hapa Dar es Salaam. Nilimfikiria yule kijana wa herufi tisa. Katika wote walioondoka Simba nikiwa nina akili zangu, Mafisango ndiye pekee ambaye sijawahi kusikia akibishaniwa. Kijiweni jina lake likitajwa, sauti zinashuka, kisha mtu anaomba aongezewe kahawa. Baada yetu hakumwaga wino kwingine, hakurudi kwetu akiwa kibonge, hakuja kutufunga. Jezi yake haiwezi kuwa dekio.

Okwi yeye aliondoka Januari 2013, akauzwa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000, na hakuna aliyelia. Tulitamba. Mwaka 2011 tulikuwa tumeshamtoa Mbwana Samatta kwenda TP Mazembe, baada ya kuwafunga hao hao Mazembe akiwa na jezi yetu, sasa na Mganda naye anakwenda kwa Waarabu. Tukajiona klabu inayouza watu nje, si ya kuviziana wachezaji na Yanga wa Jangwani. Baadaye zile dola zikawa hazionekani, mashabiki wa Yanga wakawa wanatuuliza kila asubuhi kama zimeshaingia, na mchezaji mwenyewe akawa ameshakorofishana na Watunisia. Hata hivyo jezi yangu ilining'inia salama kwenye hanga. Aliyeko mbali ni wako.

Desemba 2013 akasaini Yanga.

Kutoka Mtaa wa Msimbazi hadi makao makuu ya Yanga pale Twiga na Jangwani ni mwendo wa miguu. Ukiondoka na kikombe cha kahawa mkononi, unafika bado ina moto. Mchezaji akivuka bahari tunampungia mikono, akivuka huo mwendo wa kikombe tunamsomea albadiri. Siku hiyo nilifika nyumbani, nikaitoa jezi kwenye hanga na kumkabidhi mama watoto.

"Dekia."

Akaigeuza mbele na nyuma. "Mbona bado nzima?"

"Dekia tu."

Basi ikadeki jikoni miezi minane. Mimi mwenyewe nilikuwa nikipita, nikiikuta imelowa pale chini ya sinki, naikanyaga makusudi. Mtu mzima, nina watoto wawili.

Agosti 2014, ndani ya daladala, redio ya dereva ikatangaza kwamba Okwi amerudi Simba. Gari zima lilipiga kelele, nusu ya furaha, nusu ya kejeli. Niliposhuka nilikwenda moja kwa moja chini ya sinki. Mama watoto alikuwa ameishika upande mmoja, nami nikavuta upande wa pili. "Mwanaume mzima unagombania dekio!" Alinionea huruma, akailoweka kwenye dawa ya madoa usiku kucha, na asubuhi tukaikuta imekuwa nyekundu upande mmoja na upande wa pili rangi ya juisi ya tikiti. Herufi ya kwanza ilibanduka na kwenda na maji. Ikabaki KWI.

Niliivaa hivyo hivyo. Tarehe 8 Machi 2015, Okwi alimwona kipa wa Yanga, Barthez, amesogea mbele ya goli, akaupandisha mpira kutoka mbali ukapita juu yake na kutua wavuni. 1-0. Wenzangu kijiweni walinibeba juu, na yule mtani wetu mmoja wa Yanga, aliyekuwa amenuna mpaka masikio, ndipo alipoyasoma maandishi ya mgongoni. Tangu siku hiyo pale Mbagala naitwa Baba Kwi. Kuna vijana wanaonisalimia hivyo ambao hawajui limetoka wapi. Wanadhani nina mtoto anaitwa hivyo.

Okwi aliondoka tena mwaka huo huo kwenda Denmark, akarudi tena 2017, akafunga mabao 20 msimu wa 2017/18 na tukabeba ubingwa tuliokuwa tumeusikia kwa jirani tangu 2012. Mwaka 2019 akaenda Misri. Safari hiyo nilikuwa nimeshajifunza: jezi niliikunja na kuiweka kabatini.

Marehemu baba yangu alikuwa Yanga (mimi niliharibiwa na mjomba). Yeye alikuwa na kidonda chake cha mwaka 1976, Yanga ilipopasuka na kundi kubwa la nyota likaondoka kwenda kuanzisha Pan African. Akihadithia mpira wa miaka ile, aliwataja watu kwa majina na vyeo vya utani, na akifika kwa Sunday Manara, yule waliyemwita Computer, alisimama kabisa aonyeshe alivyokuwa akiuficha mpira. Alitaka tujue kwamba Sunday alifika hadi Uholanzi, akachezea Heracles, na jina la Heracles alilitamka kama jina la mkwe tajiri. Lakini waliohama kwenda Pan na kubaki hapa hapa mjini hawakuwa na majina. Walikuwa "wale." "Wale walipoondoka." Nilipokuwa mkubwa nilimtajia mmoja mmoja kwa kumchokoza, naye akajibu kwamba huyo hamkumbuki vizuri, ilhali dakika tano kabla alikuwa ameniambia alicheza namba ngapi.

Haji, mtoto wa Sunday Manara, alikuja kuwa msemaji wa Simba, mwenye maneno ya kuwachoma Yanga kila wiki, na mwaka 2021 naye akavuka kwenda kuwasemea hao hao Yanga. Baba hakuyawahi hayo. Yangemchekesha mpaka akohoe.

Kiti cha baba sasa amekikalia shemeji yangu, Yanga wa kupindukia. Fiston Mayele alipoondoka kwenda Pyramids ya Misri mwaka 2023, baada ya kuibuka mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho Afrika kwa mabao saba na kuifikisha Yanga fainali, shemeji alipitisha siku mbili bila kutia neno. Kisha akaanza kufuatilia ligi ya Misri. Kwenye harusi bado anatetema kama Mayele, na mwaka 2025, Pyramids walipochukua Ligi ya Mabingwa Afrika na Mayele akafunga fainali, alinipigia simu usiku akisema, "Tumechukua, shemeji." Nikamuuliza nani amechukua. Akakata.

Muulize sasa kuhusu Feisal Salum. Feisal alitokea Zanzibar, akakulia Yanga mbele ya macho yao, wakamwimba Fei Toto kwa miaka minne na nusu. Desemba 2022 aliandika barua ya kuvunja mkataba, akawawekea milioni 112 kwenye akaunti. Kesi ikazunguka kamati za TFF nusu mwaka, na haikwisha mpaka Rais Samia alipowaambia viongozi wa Yanga, Juni 2023, walimalize jambo hilo. Ndani ya siku chache akauzwa Azam. Azam si Simba, jamani. Azam ni Chamazi, hata njia ni nyingine. Lakini shemeji ukimtajia ugali na sukari, ule msemo uliozuka kwenye sakata lile, anasogeza sahani. Msimu uliofuata Fei alifunga mabao 19, na kila lilipoingia shemeji alisema, "Mchezaji wa kawaida sana."

Namcheka, ila nacheka nikijua na mimi nina wangu.

Amissi Tambwe alikuja Simba mwaka 2013 akitokea Vital'O ya Burundi. Hakuwa na mbwembwe. Alikuwa anatembea tembea kwenye boksi kama mtu aliyepoteza funguo, na mpira ukifika pale, funguo zimeonekana. Msimu wake wa kwanza alifunga mabao 19, mfungaji bora wa ligi. Ile mechi ya Nani Mtani Jembe ya Desemba 21, 2013, mwezi ule ule jezi yangu ilipoanza kudeki, tulishinda 3-1 na mawili yalikuwa yake. Golini kwa Yanga alisimama Juma Kaseja. Ndiyo, yule yule wa safari ya penalti. Alikuwa amevuka mwezi uliotangulia, na la tatu lilipoingia kwa kosa lake nilicheka hadi nikashika tumbo, nikamtolea maneno ambayo nisingependa binti yangu ayasikie. Mashabiki wa Yanga nao walimgeuka usiku ule ule. Kipa aliyetulindia goli miaka yote ile alitoka uwanjani pande zote mbili zikimzomea. Hilo sijawahi kulihadithia kijiweni mpaka leo, hata pale zamu yangu ya kuhadithia Mtani Jembe inapofika.

Tambwe naye, mwaka mmoja tu baadaye, dirisha dogo la Desemba 2014, tulimtema. Hatukumuuza. Tulimwacha, na Yanga wakamwokota mlangoni. Septemba 2015 akatufunga. Februari 2016 akatufunga tena. Msimu huo alimaliza na mabao 21 na kiatu chake cha pili cha mfungaji bora. Oktoba 1, 2016 akatufunga tena, na safari hii upande wetu wote uliapa kwamba ameutuliza mpira kwa mkono. Hapo ndipo viti vilipong'olewa. Mbele yangu alikuwepo mzee mmoja wa miwani, mpole, aliyekuwa amenigawia karanga zake tangu mwanzo wa mechi. Aliweka miwani mfukoni, akafunga kifungo cha mfuko, akakishika kiti kwa mikono miwili na kukitikisa kama jino. Kilipotoka hakujua akipeleke wapi. Akabaki amekishika kifuani mpaka Kichuya wetu alipopiga kona ikaingia moja kwa moja, 1-1, naye akashangilia nacho.

Kwa miaka mingi niliamini tulikasirishwa na ule mkono. Siku moja kijiweni, kijana mmoja akasema, "Tambwe naye alitusaliti, alikimbilia Yanga." Wazee watano tulikuwepo, wote tunajua ilivyokuwa, na hakuna aliyemsahihisha. Mmoja hata aliitikia kwa kichwa. Nilikunywa kahawa yangu. Kwenye vichwa vyetu tulikuwa tumeshamhamisha Tambwe kutoka kundi la waliotemwa kwenda kundi la waliotoroka, maana msaliti unaweza kumlaani ukalala usingizi. Mtu uliyemfukuza mwenyewe utamlaani vipi?

Zamani kuondoka kwa mchezaji kulikuwa na hatua zake. Kwanza tetesi kwamba fulani haonekani mazoezini. Kisha anasemekana amefichwa, na viongozi wa upande mwingine wanalinda mlango kama wa kigori anayesubiri kuolewa. Halafu meza ya magazeti pale kituoni, watu ishirini wamesimama wanasoma vichwa vya habari bila kununua, muuzaji anafukuza, hawaondoki. Ulikuwa na wiki nzima ya kubisha na kuzoea. Siku hizi mchezaji anapewa thenkyu: picha moja, maneno mawili ya Kiingereza, na matusi yameshajaa chini yake kabla hujamaliza kupiga mswaki.

Ndivyo tulivyoachana na Clatous Chama. Mkataba wake uliisha mwisho wa Juni 2024, na Julai mosi akatambulishwa Yanga. Simu yangu ilipata ujumbe wa shemeji asubuhi hiyo, maneno matatu: "Chama kimehama chama." Niliucheka, Mungu anisamehe, kabla haujaniuma.

Kuondoka kwa Chama kulimuuma zaidi binti yangu. Desemba 23, 2018 nilimpeleka uwanjani kwa mara ya kwanza, ana miaka saba, tunacheza na Nkana ya Zambia tukiwa nyuma kwa 2-1 za kule kwao. Dakika za mwisho Chama alisukuma mpira wavuni kwa kisigino, 3-1, tukafuzu, na mtoto akawa ameruka kutoka mapajani mwangu hadi mikononi mwa mama mmoja asiyetujua. Miezi mitatu baadaye Chama huyo huyo akawamaliza AS Vita mwishoni mwishoni na kutupeleka robo fainali ya Afrika. Mwaka 2021 aliuzwa Berkane ya Morocco, wakati mmoja na Luis Miquissone aliyekwenda Al Ahly baada ya kuwafunga hao hao Al Ahly hapa kwetu. Wote wawili walirudi baadaye. Chama alirudi na miguu yake. Luis alirudi, ila ile mbio sijui aliiacha Cairo au wapi. Nilikuwa nikimwona anaomba mpira, anaupata, anasimama, na uwanja mzima unasimama naye kwa adabu.

Jezi ya binti yangu ilikuwa halali, ya dukani, CHAMA 17. Nilimwambia kuna fundi Kariakoo anabandua majina kwa elfu mbili. Akauliza anabanduaje, nikamweleza pasi na wembe. Akasema hapana. Nikamwambia basi aiweke kabatini na ile ya Okwi, akasema atafikiria.

Oktoba 19, 2024 tukaenda uwanjani kwa Mkapa, Simba na Yanga. Alitoka chumbani ameivaa, ameigeuza ndani nje. Nembo haionekani, jina halionekani, ila ukimtazama mgongoni dhidi ya jua ungeweza kuzisoma herufi kinyumenyume. Lebo ya shingoni ilikuwa nje na ilimsumbua njia nzima, akawa anaikuna. Nilijiandaa kwa jambo moja tu, bao la Chama. Nilikuwa na maneno yangu tayari, yale makali, na nilikuwa nimejipanga nimzibe mtoto masikio.

Dakika ya 86 tukafungwa. Mpira ulimgonga beki wetu mwenyewe ukaingia golini kwetu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikaufunga.

Filimbi ya mwisho ilipolia, binti aliniomba nimshikie mkoba, akaingia chooni, na alipotoka jezi ilikuwa imegeuzwa sawasawa. "Lebo inawasha," alisema. Tulitembea hadi kituo cha Uhasibu katikati ya umati wa kijani na njano. Mmoja wa kwao alitaka kupiga naye picha, akakataa. Mmoja wa kwetu alisonya. Daladala la Mbagala lilipofika lilikuwa limeshajaa pomoni, tukajibanza mlangoni, na konda akaanza kuwapanga abiria kwa kuwagonga mabegani.

"Chama, songa nyuma hapo, bado nafasi."

Akasonga.